Paul Signac, Mchoraji Aliyeshika Usukani



Wachoraji walioichora bahari ni wengi, na wengi wao waliichora wakiwa wamekaa nchi kavu. Jioni hii nataka tumzungumzie Mfaransa aliyeijua bahari kwa viganja vyake: Paul Signac, aliyezaliwa Paris mwaka 1863 na kufariki mjini humo 1935. Maishani alimiliki vyombo 32, vikubwa kwa vidogo. Akasafiri navyo, akashindana navyo. Vitabu vya historia ya sanaa humweka nyuma ya Georges Seurat, mwasisi wa uchoraji wa nukta, kisha vikaongeza, kama jambo la pembeni, kwamba alipenda kusafiri kwa tanga. Mimi naona hilo la pembeni ndilo kiini. Bila usukani, burashi ile isingekuwa ile.

Kwao hakukuwa na mwanamaji. Wazazi wake waliuza matandiko ya farasi. Familia ilipohamia Asnières, kando ya mto Seine, kijana akayazoea maji. Alikuwa na miaka 16 mwaka 1880 alipoingia kwenye maonyesho ya Waimpreshonisti na kuanza kunakili picha ya Degas. Paul Gauguin akamtoa nje. Mwaka huohuo aliona kazi za Monet, na shauri likakatika: atakuwa mchoraji. Kimojawapo cha vyombo vyake vya mwanzo alikiita Manet-Zola-Wagner, jina ambalo nadhani lilikizidi chombo chenyewe kwa urefu. Rafiki yake Gustave Caillebotte, aliyekuwa mchoraji na mbunifu wa mashua pia, alizidi kumchochea.

Mwaka 1884 alishiriki kuanzisha chama cha wasanii huru, Société des Artistes Indépendants, kilichofanya maonyesho yasiyo na majaji wala tuzo. Ndipo alipokutana na Seurat. Ufundi wao ulikuwa huu: rangi hazichanganywi kwenye ubao, zinawekwa safi, nukta kando ya nukta, na jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya. Ni kazi ya polepole mno, inayotaka mkono uliotulia na sakafu isiyotikisika.

Tazameni sasa picha tano alizochora Concarneau, bandari ya wavuvi wa dagaa huko Bretagne, mwaka 1891. Alizipa namba na majina ya mwendo wa muziki. Namba 219, ya asubuhi ya shwari, ni larghetto. Namba 221, ya uvuvi wakati jua linazama, mashua zimetapakaa hadi upeo wa macho, ni adagio. Namba 222, upepo umeshika, ni presto. Wahakiki huishia kwenye muziki. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa baharini akingojea upepo atatambua kwamba kinachopimwa hapa ni upepo, kuanzia maji yaliyolala hadi tanga lililojaa.

Machi mwaka huohuo Seurat alifariki akiwa na miaka 31. Majira ya kuchipua ya 1892 Signac aliiondoa mashua yake Olympia huko Bretagne, akapitia Mfereji wa Midi hadi Mediterania, akatia nanga Saint-Tropez, wakati huo kibandari cha wavuvi tu. Humo alizikuta tartane, vyombo vya tanga la pembetatu lililofungwa kwenye foromali iliyolala mshazari. Nahodha wa Lamu au Unguja angevitambua mara moja. Katika picha yake ya 1893 ya tartane zilizopambwa bendera, foromali zina uzito, na zimekaa mahali pake juu ya mlingoti. Aliyewahi kuvuta henza hakosei mambo hayo.

Na hapo ndipo mashua ilipombadilisha. Chomboni huwezi kupanga nukta elfu: wimbi linapita, mwanga unageuka, ukibisha kidogo tu mandhari yote imehama. Kuanzia 1892 akashika rangi za maji. Alichora haraka mbele ya kitu chenyewe, kwa mstari wa penseli na miguso michache, huku akiacha weupe wa karatasi uwe ndio mwanga. Picha za mafuta alizimaliza studio, na nazo zikaanza kulegea; nukta zikakua zikawa vipande kama vya mozaiki. Henri Matisse alipomtembelea Saint-Tropez mwaka 1904, ufundi aliouona ndio huo uliokwisha kulegezwa.

Mwaka 1915, katikati ya vita alivyovichukia, aliteuliwa kuwa mchoraji rasmi wa Jeshi la Majini. Kejeli hiyo naiacha ipite.

Nitakaa kwenye bandari. Mwaka 1929, akiwa na miaka zaidi ya 65, alikubaliana na mfanyabiashara Gaston Lévy kuzichora bandari 100 za Ufaransa kwa rangi za maji, na hadi 1931 alikuwa akizunguka pwani zote, safari hii kwa motokaa. Wengine huzihesabu kuwa kazi za uzeeni, za kulipwa. Mimi nazipa nafasi ya kwanza. Kamba zimechorwa kwa mtikiso mmoja wa mkono, lakini unajua ipi inashikilia mlingoti na ipi inatweka tanga. Unajua pia maji yanakupwa au yanajaa. Kwenye picha kubwa za nukta, zinazovutia foleni kwenye makumbusho, mara nyingi hujui hilo la pili.