KABLA HUJAUZA CHOMBO KWA KILO

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakamega

Leo sitaongea juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Nataka tuingie jikoni, katika zile nyumba za zamani ambazo wazee wetu walijenga miaka ya 1950 na 1960.

Mnazijua. Ukuta wa matofali, paa la mabati, na jiko liko upande wa nyuma na dohani lake. Zilijengwa na walimu, makarani, machifu na watu waliofanya kazi reli. Ndani ya jiko kulikuwa na stovu nzito ya chuma, ile ya Dover, inayotumia kuni. Kulikuwa na stovu ya shaba ya pampu, ambayo sisi sote tunaiita Primus hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Na kwa wachache waliojiweza kulikuwa na friji ya mafuta taa. Vingine vilinunuliwa dukani, vingine vilinunuliwa kwa Wazungu waliokuwa wakiuza vitu vyao kule Trans Nzoia na Uasin Gishu wakati wa uhuru, mwaka 1963.

Siku hizi vijana wenye mikokoteni wanapita boma kwa boma wakiuliza, "Mama, uko na vyuma?" Na sisi tunatoa. Neno langu leo ni moja tu: mwenye mkokoteni anapima uzito, lakini wewe pima kazi. Kabla hujauza chombo kwa kilo, ujue kwanza kinaweza kufanya nini.

Katika boma moja nilikotembelea kulikuwa na mama mjane. Alikuwa akioka mikate ya kuuza shuleni kwa stovu ya Dover aliyoachiwa na mama mkwe wake. Akaugua, akalazwa. Huku nyumbani vijana wake wakaiuza kwa kilo. Pesa zilikwisha kwa wiki moja. Mama alipotoka hospitalini hakuwa na pa kuokea. Nikawauliza vijana, "Mbona mliuza?" Wakasema, "Tulidhani ni takataka, ilikuwa imeshika kutu." Hapakuwa na mtu aliyewahi kuwaeleza. Basi wacha tuelezane.

1. STOVU YA DOVER

Hii imetengenezwa kwa chuma cha kumimina, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa katika kalibu. Ni kizito na kinadumu, lakini kina tabia ya chungu: ukikigonga kinapasuka, ukikimwagia maji baridi kikiwa moto kinapasuka pia. Kwa hiyo usizime moto wake kwa maji. Acha upoe wenyewe.

Kutu ya juu juu si ugonjwa wa kufa. Sugua kwa brashi ya waya, pangusa, paka mafuta ya kupikia kidogo sana, kisha washa moto mdogo. Rudia mara mbili au tatu, utaona inarudi nyeusi. Moshi ukitokea kwenye viungo, ziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu yaliyochungwa. Udongo huo hatuendi kuutafuta mbali, akina mama wa Ilesi wanaufinyanga kila siku pale kando ya barabara ya Kisumu.

Dohani lisafishwe. Masizi yakijaa, moshi unarudi ndani na kuingia vifuani mwa watoto, na masizi hayo yanaweza kushika moto karibu na paa. Na kama dohani limeng'olewa, usitumie stovu hiyo ndani ya nyumba mpaka lirudishwe. Lakini mahali pa kuwekea kuni pakiwa pamepasuka ufa mkubwa, au oveni imetoboka, huyo amezeeka. Tutaona pale mbele tumfanyie nini.

2. STOVU YA PAMPU

Hii ilibuniwa huko Stockholm, Uswidi, na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892. Haina utambi. Unawasha spiriti kidogo kwenye kisahani ili kichwa kipate moto, unapiga pampu, mafuta yanapanda, yanageuka mvuke na kuwaka kwa moto wa buluu. Ukiona moto mrefu wa njano na moshi, kichwa hakijapata moto vya kutosha. Fungua skrubu ya hewa, uache upoe, uanze tena.

Mara nyingi tunasema imeharibika, na kumbe ni mambo mawili madogo. La kwanza ni kile kipande cha ngozi ndani ya pampu. Kikikauka, pampu haisukumi hewa. Kilowesheni mafuta, na kama kimekatika, fundi viatu wa sokoni anaweza kukata kingine. La pili ni tundu dogo la kutolea mvuke. Linazibuliwa kwa sindano yake nyembamba. Usichokore kwa msumari, tundu likipanuka moto utakuwa mkali kupita kiasi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu stovu hii imechoma watu. Usijaze tangi mpaka juu, robo moja ibaki hewa. Usiongeze mafuta ikiwa inawaka au ikiwa moto. Usichanganye mafuta taa na petroli hata tone. Na tangi likiwa na ufa au linavuja kwenye maungio, usilipigie pampu tena kamwe.

Mtaniuliza, "Na mafuta taa je, si ni ghali?" Ni kweli. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, ili kuzuia watu kuchanganya mafuta taa na dizeli, na mwenye kibatari ndiye aliyeumia. Kwa hiyo sisemi tupikie Primus kila siku. Nasema iwe tayari kwa usiku wa mgonjwa, au siku kuni zimelowa.

3. FRIJI YA MAFUTA TAA

Hii inashangaza watu: moto chini, baridi juu. Walioibuni ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndani ya mabomba yake kuna maji na amonia. Moto unaitoa amonia katika maji, inazunguka, na inapogeuka mvuke upande wa ndani ya friji inanyonya joto. Haina mota. Ili ifanye kazi lazima isimame sawasawa, isiinamie upande wowote, na utambi wake ukatwe vizuri.

Lakini hapa kuna hatari mbili. Kwanza, usimruhusu mtu ayakate mabomba hayo kwa msumeno. Amonia ikitoka inachoma macho na mapafu. Mkisikia harufu kali inayotoa machozi, tokeni nje na mwache milango wazi.

Pili, friji za zamani zina kitasa kinachojifunga kwa nje. Mtoto akijificha ndani hawezi kufungua. Huko Marekani watoto walikufa hivyo, hata ikapitishwa sheria mwaka 1956 kwamba friji zote mpya ziweze kufunguliwa kutoka ndani. Kama friji yako haifanyi kazi, ng'oa kitasa au mlango leo, si kesho.

4. SUFURIA NA VYOMBO VIDOGO

Sufuria iliyotoboka isizibwe kwa risasi. Risasi ni sumu, na inaumiza zaidi akili ya mtoto. Tena, muwe waangalifu na sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma vya taka. Mwaka 2014 watafiti waliopima sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni walikuta risasi inatoka na kuingia katika chakula. Kwa hiyo sufuria nzuri ya zamani, nzito na nzima, usiibadilishe haraka na mpya usiyojua ilikotoka.

SASA TUFANYE NINI?

Kila mtu akirudi nyumbani agawe vyombo vyake mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vizima: vitunzwe na vitumike. Fungu la pili ni vyenye ugonjwa mdogo: vitengenezwe. Fungu la tatu ni vyenye hatari: visitumike tena. Hivi vya tatu, toeni kwanza vipuri vinavyofaa, maana wavu wa stovu moja unaweza kuponya stovu ya jirani. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

Na ukiuza, uza kwa macho wazi. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni. Mnakumbuka Januari 2022 biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa muda, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Muulize mnunuzi leseni, andika jina lake, na mizani uisome mwenyewe.

Kikundi kinaweza kununua kwa pamoja brashi ya waya, sindano za kuzibulia na kipande cha ngozi, na kutenga siku moja kila mwezi ya kutengeneza. Waiteni vijana. Kijana aliyefungua pampu kwa mikono yake hawezi kuiita takataka.

Mwisho, tukubaliane katika kila boma: chombo cha jikoni kisiuzwe bila yule anayekitumia kuulizwa. Mara nyingi huyo ni mama, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vyombo gani vya zamani viko katika nyumba zetu, na ni nani anajua kuvitengeneza?
2. Je, kuna stovu ya kuoka ambayo kikundi kinaweza kufufua na kupata mapato kwayo?
3. Nani katika boma ana neno la mwisho juu ya kuuza vitu vya jikoni? Je, ni haki?
4. Kuna friji yenye kitasa ambayo watoto wanachezea karibu nayo? Nani ataenda kukitoa wiki hii?