Mwezi Mmoja wa Mwenye Watoto wa Shule

(Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, mwezi Februari)



Katika mikutano yetu mingi twazungumza habari za barabara, bei ya mazao na kadi za wanachama. Leo twaomba tuzungumze habari za nyumba zetu. Tangu shule zilipofunguliwa mwezi Januari, wengi wetu tumekwisha kumaliza mwezi mzima na watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu. Katika mwezi huo yamo mambo ambayo Chama hakiwezi kuyaacha nje ya mlango.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Wakati wa ukoloni, watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kuingia shule walikomea darasa la nne. Katika miaka ya 1950 wazazi waliokuwa katika TAPA walichanga fedha zao, wakajenga shule kwa mikono yao, maana walijua kwamba watu wasiosoma watatawaliwa hata baada ya bendera kubadilishwa. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa, na mwaka 1974 huko Musoma ikaamuliwa kwamba elimu ya msingi iwe ya kila mtoto. Baadaye wazazi wakarudi kulipa. Lakini tangu Januari 2016 ada ikaondolewa kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne.

Hayo ni matunda ya jasho la wengi, na hatuna budi kuyalinda. Lakini ndugu zetu, ada kufutwa ni jambo moja, na mtoto kusoma ni jambo jingine. Sare, madaftari na chakula cha mtoto vimebaki mikononi mwa mzazi. Tena kuna kitu kisichouzwa dukani, nacho ni saa za mzazi. Basi tuuhesabu mwezi huu, wiki kwa wiki, tuone nani aliutoa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sare. Shati la kaka likapunguzwa na fundi cherehani likawa la mdogo wake. Viatu vikanunuliwa vikubwa kidogo ili vifike mwakani. Mara nyingi baba alitoa fedha, akaona amemaliza. Mama ndiye aliyekwenda kwa fundi mara tatu, akafunika madaftari kwa magazeti, akaandika majina au akamtafuta wa kumwandikia. Hatumlaumu baba aliyetoa fedha, kwani zimepatikana kwa taabu. Twasema tu kwamba fedha ile ilikuwa mwanzo wa kazi.

Wiki ya pili watu walizoea, na hapo ndipo mzigo unapojificha. Mtoto akikaa kilomita 3 kutoka shuleni, kwa siku hutembea kilomita 6. Mwezi wenye siku 20 za masomo ni kilomita 120. Huo ni mwendo unaozidi safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, na umetembewa na miguu ya mtoto wa miaka saba! Ili afike kwa wakati, mtu lazima aamke saa kumi na moja alfajiri, awashe moto, apashe kiporo au achemshe chai, atafute soksi iliyopotea. Mtu huyo ni nani katika nyumba yako? Kila mmoja ajijibu moyoni.

Wiki ya tatu walimu walianza kutoa kazi za kufanya nyumbani. Hapa twataka wazazi wasikilize vizuri. Wapo watoto wawili wa baba mmoja, mvulana na msichana, wote wamerudi kutoka shule ile ile, mwalimu yule yule. Mvulana ametupa mfuko, amekwenda kucheza mpira. Msichana amechukua ndoo, akirudi amembeba mdogo wake mgongoni, kisha amekaa jikoni na mama. Usiku ukiingia, daftari la msichana ni jeupe. Asubuhi mwalimu humwita mvivu. Baada ya miaka sita au saba twashangaa kwamba wasichana wetu wameshindwa mtihani, ilhali tulianza kuwashindisha wenyewe walipokuwa darasa la pili.

Katika wiki hiyo wengine waliuguliwa. Mtoto akikosa siku 5 kati ya 20 amepoteza robo ya mwezi. Kwa mtoto wa darasa la kwanza robo hiyo ni silabi ambazo wenzake wamezijua na yeye hazijui. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumrudia kila mmoja. Mzazi akienda kuuliza walifundishwa nini, akaja kuyarudia nyumbani, pengo huzibika. Asipokwenda, pengo hukua pamoja na mtoto.

Wiki ya nne fedha zilikwisha, na uji ukawa neno gumu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua, na kila mwalimu atawaambia, kwamba mtoto aliyeondoka nyumbani na chai tupu, ifikapo saa tano macho yake yako ubaoni lakini akili yake iko tumboni. Tufanye hesabu. Tukitenga gramu 100 za unga kwa mtoto mmoja kila siku, kwa siku 20 ni kilo 2. Debe la mahindi la kilo 18, likisagwa dona, lamtosha miezi 9, yaani karibu mwaka wote wa masomo. Debe moja! Wengi wetu hapa wakati wa mavuno huliuza kwa bei ya kutupa, kisha mwezi Januari tukanunua unga kwa bei ya kutuumiza.

Twajua manung'uniko yaliyopo. Watu wamechoka kuchanga bila kuonyeshwa hesabu, na wana haki. Mchango usio na daftari huzaa fitina. Tena mzazi asiye na kitu asifanyiwe aibu, wala mtoto wake asinyimwe kikombe mbele ya wenzake. Mwenye nguvu na alete kuni au achote maji badala ya mahindi.

Wako watakaosema: "Mtoto wa mkulima lazima afanye kazi, msitufundishie uvivu." Nasi twakubali. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikutenganisha daftari na jembe, na mtoto asiyejua kufagia hajalelewa. Tunachopinga ni kazi yote kumwangukia mtoto mmoja kwa sababu ni wa kike. Mvulana naye ana kichwa cha kubeba ndoo.

Wengine watasema: "Sisi hatukusoma, tutawasaidiaje?" Shule zetu za msingi za Serikali, karibu zote, hufundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili ni chetu sote. Hata asiyejua kusoma aweza kukaa karibu na taa, akamwambia mtoto, "Haya, nisomee." Mtoto akikwama atajulikana, maana masikio hayahitaji cheti. Dakika 15 kila jioni, kwa siku 20, ni dakika 300, yaani saa 5 kwa mwezi. Saa 5 hizo wengi wetu huzimaliza kwenye bao kwa siku mbili.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila mwanachama mwanamume mwenye mtoto shuleni ashike kazi moja ya kila siku ya mtoto huyo, iwe kumwamsha, kumsindikiza au kumsikiliza akisoma. La pili, kazi za nyumbani zigawanywe kwa watoto wote, na kila mtoto apewe muda wake wa daftari kabla ya giza. La tatu, mavuno yajayo kila nyumba iweke kando debe moja kwa kila mtoto. Wachaguliwe watu watatu, akiwamo mama mmoja asiyepungua, washike daftari pamoja na mwalimu, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa muda mrefu tumeusifu msemo huo huku tukiuacha mkono wa mama peke yake. Chama kilichowaomba akina mama kadi, kura na nyimbo hakiwezi kuona haya kuwaomba akina baba dakika 15.

Katika mkutano wa mwezi ujao hatutauliza nani amepiga makofi leo. Tutamwuliza kila mwenye mtoto: mwanao amefika ukurasa wa ngapi? Ajiandae kujibu.