Mbwa wa Ghala Akikohoa: Wajibu wa Chama na Usalama wa Mlinzi



Katika vyama vingi vya msingi mbwa ni mlinzi asiyeandikwa popote. Mizani huorodheshwa katika kitabu cha mali, maturubai huhesabiwa, hata magunia matupu hukaguliwa. Bali mbwa alalaye mlangoni mwa ghala hatajwi. Matokeo yake ni kwamba akiugua haijulikani ni nani apaswaye kumwita bwana mifugo. Shauri huachiwa mlinzi wa usiku, naye hulikabili kwa mikono mitupu. Hapo ndipo penye hatari, na hasa pale mbwa anapokohoa au kujikamua kama aliyekwamwa na mfupa.

Kikohozi chenyewe si ugonjwa. Ni njia ya mwili ya kutoa kitu kinachosumbua koo la hewa au mapafu, kiwe vumbi, ute, moshi au mdudu. Yafaa kutenganisha mambo matatu yanayofanana kwa macho. Mbwa anayekohoa hutoa pumzi kwa nguvu na kwa sauti. Mbwa anayejikamua hunyosha shingo na kufungua kinywa, na huenda asitoe ila povu jeupe. Mbwa anayecheua hurudisha chakula kabla hakijasagika tumboni. Mlinzi akiweza kueleza ni lipi kati ya hayo aliloliona, na lilianza lini, amempunguzia daktari wa mifugo nusu ya kazi.

Sababu zilizo nyepesi ni nyingi. Ukanda wa shingo uliokazwa mno hubana koo, hasa mbwa anapovuta mnyororo. Vumbi la pamba na la magunia huwasha mapafu. Upo pia mafua ya mbwa yaambukizayo, ambayo huleta kikohozi kikavu chenye mlio mzito, kinachoishia kwa kujikamua. Mbwa mzima mwenye nguvu, akipumzishwa na kutengwa na wenzake, kwa kawaida hupona kwa juma moja hadi matatu.

Zipo sababu nzito zaidi. Katika nchi za joto yuko mnyoo aitwaye Spirocerca, ambaye mbwa humpata kwa kula madundu waviringishao mavi, au kwa kula kuku na mijusi waliokwisha kuwala madundu hao. Mnyoo huyo hufanya uvimbe katika umio, na mbwa hucheua na kukonda. Ugonjwa wa virusi uitwao distempa huanza kwa homa, makamasi na kikohozi, kisha huweza kuleta kifafa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliona kuwa chimbuko lake lilikuwa mbwa wa vijiji vya jirani. Maradhi ya mbwa, basi, hayakomi kwenye ua wa mwenye mbwa.

Ghala la ushirika lina hatari yake ya pekee, nayo ni dawa za kuulia wadudu wa mazao. Mbwa aliyelamba baadhi ya dawa hizo hutokwa na mate mengi, hukohoa kwa kuwa mapafu yamejaa ute, hutetemeka, na mboni za macho yake huwa ndogo. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa au mafuta, kwani huweza kumwingia mapafuni. Apelekwe kwa daktari pamoja na kibandiko cha dawa hiyo, bila kukawia.

Linalobaki ndilo kubwa kuliko yote. Watu wengi hudhani kwamba kichaa cha mbwa ni lazima kionekane kwa ukali na kukimbia ovyo. Ipo namna ya pili, iliyo ya kimya. Misuli ya koo na taya hupooza. Kinywa hubaki wazi, mate hudondoka, sauti ya kubweka hubadilika, na mbwa hushindwa kumeza. Mtu mwema akimtazama husema, “Amekwamwa na mfupa,” akaingiza mkono kinywani kumsaidia. Mbwa hakuuma, lakini mate yake yameingia katika mchubuko wa kidole, na yatosha kuambukiza.

Kwa binadamu dalili huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu kuonekana. Huweza kuwa juma moja au hata mwaka. Zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huupata kwa mbwa. Hata hivyo kinga ipo, na imekuwapo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mkono usiingie kinywani mwa mbwa anayejikamua. Afungiwe mahali pamoja ikiwa inawezekana bila kumshika, watoto waondolewe, na bwana mifugo aitwe. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa akifa asizikwe kabla bwana mifugo hajaarifiwa, kwani kichwa chake huhitajika kwa uchunguzi.

Wajibu wa chama ni mwepesi kulinganishwa na hasara hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mbwa aandikwe katika kitabu cha mali, na cheti chake cha chanjo kihifadhiwe katika jalada pamoja na hati nyingine. Mtoto wa mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na baadaye kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Gharama ya chanjo na ya dawa ya minyoo iingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, yapitishwe na mkutano mkuu kama matumizi mengine. Dawa za mazao zifungiwe chumba chake. Jina la bwana mifugo na mahali apatikanapo libandikwe mlangoni, mlinzi alione hata usiku.

Tena chama kisiishie kwa mbwa wake mmoja. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Idadi hiyo haifikiwi na mtu mmoja mmoja. Hufikiwa pale wanachama wanapokubaliana siku moja, wakawaleta mbwa wao wote penye mizani ya chama, kama wanavyoleta mazao yao.