Ngoma Tatu za Montevideo, Nyuzi Saba za Bungoma



Nianzie uani kwa kuka, babu yangu. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tohara, na watahiriwa walikuwa wakizunguka kwa wajomba na mashangazi, kengele za chinyimba zikilia mikononi mwao. Jioni alikuja mpiga litungu, kinubi chetu Wabukusu. Alipewa kigoda na busaa, akazikaza nyuzi zake saba, akatutazama mmoja mmoja kabla ya kufungua kinywa. Ukoo wa kila aliyeketi pale aliujua. Aliyemlipia yatima karo alitajwa. Mchoyo naye alitajwa, na akacheka pamoja nasi kwa sababu alikuwa nyumbani. Ndipo mabega yakaanza kucheza kamabeka.

Sasa twendeni Uruguay, kwenye ua mwingine uliolea muziki. Mwaka 1791 mfalme wa Hispania aliifanya Montevideo kuwa bandari pekee ya kuingizia watumwa katika eneo lote la Mto Plate. Wengi walitolewa Angola na Kongo, wengine Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Katika watu hao na vizazi vyao ilizaliwa candombe. Ngoma zake ni tatu. Chico, ndogo, hushika pigo lisiloyumba. Repique, ya kati, huchokoza na kujibu. Piano, kubwa, hubeba msingi. Kila mpigaji huivaa ngoma yake begani, akaipiga kwa fimbo moja na kiganja kimoja huku akitembea. Kabla ya kuondoka huwashwa moto barabarani, ngozi zipashwe zikakamae. Mpiga ngoma yeyote wa kwetu angeuelewa moto ule bila mkalimani.

Katika mtaa wa Barrio Sur palikuwa na jengo kubwa la wapangaji, Mediomundo. Familia nyingi za Waafrika wa Uruguay ziliishi humo zikiuzunguka ua mmoja, na uani humo watoto walijifunza ngoma kama walivyojifunza kusema. Serikali ya kijeshi, iliyotawala kuanzia 1973 hadi 1985, iliamuru wakazi wahamishwe. Tarehe 3 Desemba 1978 ngoma zilipigwa pale kwa mara ya mwisho. Siku chache baadaye kuta zikaangushwa. Waliotawanywa walizibeba ngoma hadi mitaa ya pembeni, zikaanza kulia mahali ambapo hazikuwahi kusikika. Mwaka 2006 sheria iliifanya tarehe 3 Desemba kuwa siku ya kitaifa ya candombe. Watu wa nje humjua zaidi Rubén Rada, aliyeichanganya na magitaa ya umeme, au sauti ya mwimbaji Lágrima Ríos. Mimi nawafikiria zaidi wale waliopakia ngoma juu ya vitanda na masufuria siku ya kuhamishwa.

UNESCO ilipoiandikisha candombe mwaka 2009, iliiandikisha pamoja na mahali pake pa kijamii. Mwaka 2014 ikawa zamu ya isukuti ya jirani zetu Waisukha na Waidakho: nayo ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Lakini isukuti iliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Na litungu? Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewapa watoto wengi nafasi ya kukishika chombo hiki, nami nalishukuru kwa moyo wote. Hata hivyo jukwaani mpigaji ana dakika chache tu, na mbele yake wamo waamuzi ambao hajui mama zao ni akina nani. Atamtaja nani? Atamkanya nani? Nyuzi ni zilezile saba, ila nusu ya kazi ya mpigaji imebaki nyumbani.

Ndiyo maana naomba fedha tunazotafuta za kujenga kumbi zigawanywe. Sehemu moja iende kwa wachongaji wa litungu, na kwa mzee atakayekubali vijana wawili au watatu wakae kwake msimu mzima, wajifunze Kibukusu cha ndani na koo za watu kabla ya vidole kugusa uzi. Agosti ya tohara ijayo nitawapeleka wanafunzi wangu uani. Watabeba maji, watapanga viti, watajulishana na wenyeji. Kamera zitabaki mikobani hadi mzee mwenyewe aziulizie.