Ndege wa Kinangop na Mashamba ya Vizazi Vitatu



Katika nyanda za juu za Kinangop, kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, anaishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na mgongo wa michirizi ya kahawia. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani popote duniani ila Kenya, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ndege huyu hajengi kiota mtini. Hutaga mayai chini, katika nyasi zinazoota kwa mafungu, na hula panzi na wadudu wengine. Haendi msituni wala haishi katika shamba la viazi. Nyasi zikiisha, naye amekwisha.

Baada ya uhuru mwaka 1963, familia nyingi zilipata mashamba ya walowezi kupitia mpango wa ekari milioni moja. Kizazi hicho kilifuga ng'ombe wa maziwa na kondoo, na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki malisho. Watoto wao wakagawana ardhi. Mafungu ya nyasi yaking'olewa kwa sababu ng'ombe hawayapendi, na jembe likafuata. Wajukuu wamerithi vipande vidogo, na viazi, kabichi na karoti ndivyo vinavyolipa karo. Hakuna wa kulaumiwa: shamba dogo lazima lilishe nyumba.

Hata hivyo, shamba linalolimwa lote mwaka hadi mwaka huchoka, mvua hubeba udongo, na wakati wa kiangazi ng'ombe hukosa majani. Njia ya katikati ipo. Mkulima anaweza kuacha sehemu iwe malisho ya kudumu, hasa penye majimaji ambapo viazi huoza. Mafungu machache ya nyasi yasing'olewe, wala majani yasichomwe moto. Kondoo huzuia nyasi zisirefuke mno, na sufu yao ni mali. Huko Njabini wapo wenyeji walioisokota na kuifuma wakapata kipato.

Babu alimhifadhi ndege huyu bila kukusudia, kwa kuwa alihitaji malisho. Mjukuu itambidi akusudie, na ekari zake ni chache zaidi. Kila familia iamue mapema, kabla ya msimu ujao wa kulima, ni kipande kipi kitabaki nyasi.