Mtoto Anayechelewa Kusoma Arudi Shuleni



Leo tuzungumze juu ya mtoto ambaye herufi zinamchanganya. Ukimtuma dukani, analeta chenji kamili. Jioni anajua mbuzi yupi hajarudi. Lakini mpe kitabu: b anaisoma d, na mstari mmoja unamtoa jasho. Tunamwita mjinga, mvivu, ati amerogwa. Sivyo. Akili anayo, ila hujifunza kwa njia tofauti.

Mtoto huyu akikaa nyumbani muda mrefu, kurudi humwia vigumu kuliko wenzake. Tuliona shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa mengi yakafunguliwa Januari 2021. Hata ugonjwa au karo huleta shida hiyo hiyo. Anasahau alichoshika, anaogopa kuchekwa, mwishowe anabaki na mbuzi.

Basi tufanyeje? Tuanze wiki mbili kabla ya kufungua.

Kwanza, alale mapema na kuamka kama siku ya shule.

Pili, kila siku dakika kumi na tano tu. Aandike herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Akichoka, acheni.

Tatu, mwoneni mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Mwelezeni anachoweza, si anachoshindwa tu. Ombeni akae mbele, aongezewe muda, ajibu kwa mdomo, na asilazimishwe kusoma mbele ya darasa.

Nne, apimwe macho na masikio. Kisha ulizeni ofisi ya elimu kilipo kituo cha EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984. Hupima watoto wenye shida za kujifunza na kushauri wazazi na walimu.

Na kiboko je? Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Tena hakifundishi kusoma, kinafundisha kutoroka.

Mama mmoja akienda ofisini peke yake, huenda akarudishwa njiani na woga. Kwa hiyo kikundi kichague wawili wamsindikize. Nauli ikikosekana, mfuko wa kikundi umkopeshe. Mtoto wa jirani amwongoze shuleni wiki ya kwanza.

Kabla hatujaachana leo, tuulizane: katika kijiji chetu, ni mtoto gani bado yuko nyumbani? Nani atakwenda kwao kesho?