VIUMBE WADOGO WA UDONGO NA MAHINDI YETU

Hotuba ya Katibu katika sherehe za miaka kumi ya Chama



Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala na mizani. Sisi tumepewa nafasi ya kusema habari za udongo, maana udongo ukichoka, mizani haitakuwa na mzigo wa kupima.

Mahindi hula naitrojeni nyingi. Mkulima apandaye mahindi juu ya mahindi, mwaka hata mwaka, huyaona majani ya chini yakigeuka manjano na magunia yakipungua. Na ajabu ni hii: katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua. Ni kama mtu mwenye kiu aliyesimama kisimani bila kamba.

Kamba hiyo wanayo bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alifaulu kuwatenga wale wakaao katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Wao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Huo, ndugu zetu, ni ushirika uliotangulia ushirika wetu.

Karanga na kunde mara nyingi huwakuta wenzi wao udongoni. Soya ni mgeni kutoka Asia, na mara nyingi yahitaji kuletewa wake katika pakiti. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza pakiti za namna hiyo kwa jina la Nitrosua, na Biofix ya Kenya ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Msimu mmoja tulipokea pakiti za soya, tukaziweka ghalani chini ya bati majuma mawili, kana kwamba ni mbolea ya kawaida. Kumbe ndani mlikuwa na viumbe hai, nao wakafa kwa joto. Wanachama walipong'oa mimea yao walikuta mizizi mitupu. Kosa halikuwa la mkulima wala la udongo, lilikuwa letu.

Basi pakiti ikae mahali pa baridi, mbali na jua. Mbegu zilowanishwe kidogo kwa maji ya sukari, zichanganywe kivulini, na kupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Mimea ikitoa maua, ng'oa mmoja, upasue kinundu. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi.

Na mahindi je? Mahindi hayana vinundu. Huko Brazil, katika miaka ya 1970, Bibi Johanna Döbereiner na wenzake walichunguza bakteria wa Azospirillum, wakaao kwenye mizizi ya nafaka. Na leo wakulima wa huko huwatia katika mbegu za mahindi. Husaidia mizizi kukua, lakini hawaondoi haja ya mbolea, na faida yao hutofautiana shamba kwa shamba. Kwa hiyo akija muuzaji na chupa, akiapa kuwa hutahitaji mbolea tena, usiuze mbuzi wako kwa neno lake. Jaribu mistari michache, mingine uiache bila dawa, kisha upime yote kwa mizani ya Chama.

Njia tuliyo na hakika nayo ni hii: mwaka huu soya au karanga, mwaka ujao mahindi katika shamba lile lile. Mabaki yasichomwe moto. Na yakiliwa na ng'ombe, samadi yao irudi shambani.

Bakteria mmoja si kitu, wala senti ya mwanachama mmoja si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, nasi kwa miaka kumi tumeliona hilo kwa macho yetu.

Udumu Ushirika wetu.